Benchi la Wagonjwa wa Nje: Historia ya Kungoja Matibabu Tanzania Bara

Mgonjwa wa Afrika Mashariki amesingiziwa kwa muda mrefu kwamba hajui saa. Taarifa za maofisa wa kikoloni, barua za wamisionari na baadaye mijadala ya wataalamu wa afya zimemchora kuwa mtu anayekuja hospitalini siku isiyo yake, anayeiacha sindano ya pili mara tu ya kwanza inapompa nafuu, au anayefika alfajiri na kukaa mpaka adhuhuri kana kwamba hakuacha shamba wala watoto nyumbani. Historia ya taasisi za tiba katika eneo ambalo leo ni Tanzania Bara inaelekeza kwingine. Kungoja kwa saa nyingi hakukuletwa na wagonjwa. Kulijengwa ndani ya utaratibu ambao tangu mwanzo uliuona muda wa mtoa tiba kuwa ni mali adimu ya kutunzwa, na muda wa mgonjwa kuwa ni kitu cha bure kisichohitaji hata kuandikwa.

Kabla ya hospitali kuwapo, tiba ya pwani ilikuwa na nidhamu ya saa, tena kali. Siku ilianza jua lilipotua, saa zikahesabiwa kwa kuchomoza na kuzama kwake, na sala tano zikagawa mchana na usiku kwa namna iliyomwezesha kila mtu kuahidiana na mwenzake bila saa ya ukutani. Mganga aliyesoma falaki, yaani elimu ya nyota na buruji, au aliyepiga ramli, yaani bao la alama zilizochorwa mchangani, alitafuta kwanza nyota ya mgonjwa, ndipo akataja siku na saa ya kuandika kombe, ya kuchinja au ya kumwogesha. Kombe ni maneno ya Kurani yaliyoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, yakaoshwa kwa maji ili mgonjwa ayanywe, na kuliandika katika saa mbaya kulihesabiwa kuwa ni kazi bure. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, aliacha maelezo marefu ya uganga na pepo yanayotosha kumwonyesha msomaji kwamba watu hao hawakuwa wageni wa miadi. Tofauti yao na hospitali ilikuwa mahali saa ilipotoka: ilitokana na mgonjwa na maradhi yake, na mganga mwenyewe aliifuata.

Bara, palipokuwa na masafa marefu zaidi, mgonjwa mahututi mara nyingi alihamia kwa mganga pamoja na ndugu wa kumuuguza, akakaa huko siku au miezi, na sehemu kubwa ya ujira ikalipwa baada ya kupona. Huko nako palikuwa na kungoja, pengine kurefu kuliko kwa hospitali yoyote, lakini aliyengoja alikuwa mgeni aliyepewa mahali pa kulala na pa kuwasha moto, na mganga aliyemchelewesha alijichelewesha mwenyewe katika malipo yake. Haifai kuipamba hali hiyo, kwa kuwa wengi walikufa mikononi mwa waganga wasio na dawa ya maradhi yao. Linalohusika hapa ni mpango wa muda tu, na katika mpango huo hasara ya kuchelewa iliwaangukia wote wawili.

Utawala wa Kijerumani uliweka msingi wa mpango mwingine. Mwaka 1897 ilifunguliwa Dar es Salaam hospitali ya ufukweni, iliyokuja kujulikana kwa jina la Ocean Road, kwa ajili ya Wazungu, na katika miaka hiyohiyo Waafrika na Wahindi walipata hospitali yao kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyetajirika kwa kuziuzia misafara bidhaa na vifaa, na ambaye alifariki mwaka huohuo wa 1897. Jina lake limebaki mpaka leo katika jengo la Sewahaji la Hospitali ya Muhimbili. Mji mmoja ukawa na milango miwili ya matibabu, na tofauti yake haikuwa ya vitanda na mashuka tu. Madaktari wengi wa serikali walikuwa wa jeshi la kikoloni, na jeshini askari wagonjwa hupangwa mstari asubuhi, wote kwa pamoja, wakakaguliwa kabla ya kazi za siku kuanza. Ni vigumu kutoliona gwaride hilo katika utaratibu uliowapokea raia Waafrika: waje wote asubuhi, wakae, waitwe mmoja mmoja. Askari alikuwa kambini tayari, hatua chache tu kutoka kwa daktari. Mkulima wa Uzaramo alitembea usiku ili aikute asubuhi hiyo.

Misheni ziliongeza jambo ambalo halijatiliwa maanani vya kutosha, nalo ni kuupa muda wa kungoja kazi ya kufanya. Katika hospitali nyingi za misheni za Afrika Mashariki, kuanzia Mengo iliyoanzishwa na Albert Cook mjini Kampala mwaka 1897 hadi vituo vidogo vya kusini mwa Tanganyika, wagonjwa wa nje, yaani wale wanaotibiwa na kurudi nyumbani bila kulazwa, walikusanywa kwanza barazani wakasikilize mahubiri na sala, na baada ya hapo ndipo dirisha la dawa lilipofunguliwa. Mhubiri alihitaji kusanyiko, nalo haliwezi kupatikana kwa wagonjwa wanaofika mmoja mmoja kwa saa mbalimbali. Basi umati wa asubuhi, ambao kwa mtazamo wa tiba ulikuwa kasoro, kwa mtazamo wa injili ulikuwa neema, na misheni hazikuwa na sababu ya kuutawanya. Muda huo wa mahubiri haukupotea misheni zilipopungukiwa na nguvu. Ulibaki palepale, ukabadilishiwa somo, kama itakavyoonekana mbele.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walioshika utawala walikuta nchi yenye madaktari wachache na wagonjwa wengi, wakategemea wasaidizi. Katika miaka ya 1920, sambamba na sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, zahanati ndogo za machifu zilianza kuenea vijijini chini ya madresa, ambao ni wahudumu waliofundishwa kwa muda mfupi kuosha na kufunga vidonda, kutoa dawa za kawaida na kupeleka mbele wagonjwa waliowashinda. Wakati huohuo sindano za dawa za buba, ugonjwa wa ngozi na mifupa uliosumbua sana watoto wa vijijini, zilifanya maajabu yaliyoonekana kwa macho, kwani vidonda vya miezi vilikauka kwa siku chache. Watu wakamiminika. Sifa ya sindano iliyozaliwa katika miaka hiyo ilidumu vizazi viwili vilivyofuata, na iliondoa shaka yoyote kwamba Waafrika wangekubali kuja hospitalini. Tatizo liligeuka kuwa jinsi ya kuwahudumia wote waliokuja. Jibu la serikali lilikuwa siku maalumu na mstari. Aliyetoka mbali alilala jirani na zahanati, kwa jamaa au chini ya mti, ili asiachwe nyuma, na malalamiko kwamba hakurudi kwa dozi ya pili yaliandikwa na watu ambao hawakuwa na haja ya kutembea siku nzima kuifuata.

Kwa haki, Waingereza hawakuubuni umati huo kwa ajili ya makoloni. Waliuleta kutoka kwao. London ya karne ya 19 ilikuwa na hospitali za hisani zilizowahudumia maskini bila malipo au kwa malipo kidogo, na vyumba vyake vya wagonjwa wa nje vilifurika kiasi kwamba mwaka 1895 hospitali ya Royal Free ilimwajiri Mary Stewart kuwachuja waliofika, kazi iliyokuja kuwa chimbuko la ustawi wa jamii hospitalini. Tajiri wa London hakukaa katika mabenchi hayo, maana daktari alimfuata nyumbani. Kilichovuka bahari, kwa hiyo, kilikuwa hospitali ya maskini wa Kiingereza, na Tanganyika iliipokea pamoja na dhana yake kuu kwamba anayetibiwa kwa hisani hana haki ya kuuliza saa.

Huko Uingereza dhana hiyo ilianza kulegea baada ya mfumo wa taifa wa afya kuanzishwa mwaka 1948, wakati kila raia, tajiri na maskini, alipojikuta katika benchi lilelile. Mwaka 1952 mtaalamu wa takwimu Norman Bailey, akishirikiana na mwenzake Welch, alichapisha uchunguzi juu ya miadi ya wagonjwa wa nje ambao unastahili kuelezwa kwa kituo, kwa sababu unafunua chanzo cha tatizo kuliko maandishi mengi yaliyofuata. Desturi ya hospitali ilikuwa kuwaita wagonjwa wengi kwa saa moja ileile, kwa kuhofia kwamba mmoja akichelewa daktari atakaa bure. Bailey alionyesha kwa hesabu kwamba dakika chache za daktari zilizookolewa kwa njia hiyo zililipiwa kwa saa nyingi za wagonjwa, akapendekeza waitwe wawili mwanzoni, kisha mmoja mmoja kwa nafasi zinazolingana na wastani wa muda wa kumwona mgonjwa: kama wastani ni dakika tano, wawili waje saa tatu kamili asubuhi, wa tatu saa tatu na dakika tano, na kuendelea. Mpango huo ulikuwa na sharti moja lililowakera wakubwa, nalo ni kwamba daktari mwenyewe afike kwa wakati, kwa kuwa kuchelewa kwake hujumlishwa kwenye muda wa kila aliyeketi nje.

Hesabu za foleni zilikuwa na asili yake nje ya tiba. Agner Krarup Erlang wa Denmark alizianzisha mwaka 1909 alipokuwa akichunguza simu za mji wa Copenhagen, nazo zina funzo moja linaloihusu Tanganyika moja kwa moja. Katika mfano wake ulio rahisi kabisa, ambamo watu hufika bila mpangilio na kuhudumiwa na mtu mmoja, mhudumu aliyeshughulika nusu ya muda wake humfanya anayefika angoje kwa wastani muda sawa na wa kumhudumia mtu mmoja. Akishughulika sehemu tisa kati ya kumi za muda wake, anayefika hungoja mara tisa ya muda huo. Foleni, kwa maneno mengine, hairefuki kwa ulinganifu na kazi, bali huchupa ghafla mhudumu anapokaribia kukosa nafasi ya kupumua. Nchi iliyowapa madresa na madaktari wake kazi ya kuwajaza siku nzima, kwa nia njema ya kutumia vema wachache waliopo, ilikuwa imejihakikishia mabenchi yaliyojaa hata kama kila mgonjwa angekuwa na saa ya mkononi.

Kitabu kilichowafikisha wataalamu wa eneo hili karibu zaidi na suala hilo ni kile alichokihariri Maurice King wa Makerere mwaka 1966 kuhusu tiba katika nchi zinazoendelea. King na wenzake walisisitiza kwamba mahudhurio hupungua kwa kasi kadiri makazi yanavyokuwa mbali na kituo, na kwamba huduma isogezwe karibu na nyumbani kwa mgonjwa kadiri inavyowezekana, mikononi mwa wasaidizi waliofundishwa vizuri. Kwa kufanya hivyo walikiri, pengine kwa mara ya kwanza kwa uzito huo, kwamba muda wa mgonjwa ni gharama. Hata hivyo walikuwa wakihesabu zaidi muda wa njiani. Muda wa benchini uliendelea kuchukuliwa kuwa jambo la kuvumilia.

Wakati huo nchi ilikuwa huru na ilikuwa imeanza kujenga. Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baadaye ilikuja kuwa Muhimbili, ilikuwa imefunguliwa kabla ya uhuru, mwaka 1956, kuchukua nafasi ya ile ya Sewa Haji. Ubaguzi wa rangi katika wodi uliondolewa. Shule ya udaktari ilianza Dar es Salaam mwaka 1963 na kutoa wahitimu wake wa kwanza mwaka 1968, katika nchi iliyopata uhuru ikiwa na madaktari wazalendo wasiozidi dazeni moja hivi. Taarifa ya Richard Titmuss na wenzake ya mwaka 1964 kuhusu huduma za afya za Tanganyika, na zaidi Azimio la Arusha la mwaka 1967, zilielekeza fedha vijijini, na katika miaka ya 1970 zahanati na vituo vya afya viliongezeka kwa kasi ambayo nchi chache za Afrika ziliifikia. Njia ya kwenda kutibiwa ilifupika kwa mamilioni ya watu. Foleni haikufupika, kwa kuwa kila zahanati mpya ilizaliwa na mhudumu mmoja au wawili, na waliokuwa wakikaa nyumbani na maumivu yao sasa walikuja.

Kliniki za mama na mtoto, zilizopangwa kitaifa kuanzia mwaka 1974, ndizo zilizoirithi asubuhi ya misheni kwa ukamilifu wake. Wanawake walifika na watoto migongoni, kadi zikakusanywa, wakaketi, na kabla ya mizani kuanza kufanya kazi muuguzi alisimama mbele kutoa elimu ya afya: uji wa lishe, maji ya kuchemsha, chanjo, uzazi wa majira, mara nyingi kwa wimbo na makofi. Somo lilikuwa la maana na limeokoa watoto wengi. Lakini nafasi yake katika ratiba ilikuwa ileile ya mahubiri, na kama mahubiri, ilihitaji kina mama wote wawepo pamoja saa mbili asubuhi, hata yule ambaye mtoto wake angepimwa wa mwisho saa sita mchana. Mpaka leo ukurasa wa kadi ya kliniki una sehemu ya tarehe ya kurudi. Hauna sehemu ya saa.

Miaka ya mwisho ya 1970 na ile ya 1980, iliyokuja na vita vya Kagera, upungufu wa mafuta na fedha za kigeni, iliwafundisha Watanzania kupanga foleni kwa kila kitu, tangu sukari ya duka la kaya mpaka kitenge, na hospitali haikusalimika. Mishahara iliposhuka thamani, wahudumu wengi walitafuta riziki ya pili mchana, bustanini au dukani, na siku ya kazi ambayo kisheria ilikwenda mpaka saa tisa na nusu alasiri ikajikunja yote asubuhi. Mpango wa dawa muhimu ulioanza kwa msaada wa Denmark na UNICEF katika miaka ya 1980 uliziletea zahanati maboksi ya dawa kila mwezi, jambo lililokuwa ukombozi mkubwa, ila boksi lilipoisha kabla ya mwezi wake kwisha, aliyefika wiki ya mwisho aliandikiwa dawa asiyoweza kuipata. Mgonjwa aliyejifunza kuwahi, kuwahi siku ya mwezi na kuwahi saa ya siku, alikuwa amesoma mfumo vizuri kuliko waliomwita mjinga wa saa. Aliyefika saa kumi alfajiri alikuwa wa kwanza, na wa kwanza alipata dawa.

Alfajiri hiyo ilizaa sheria zake zisizoandikwa, ambazo zilitofautiana mahali na mahali lakini zilijulikana na kila mtu. Mahali pengine aliyewahi aliweka jiwe, kandambili au kikapu mstarini, akaenda kujinyoosha ukutani, na vitu hivyo vikaheshimiwa kama mtu mwenyewe. Mlinzi wa lango, ambaye hana cheo chochote katika orodha ya watumishi wa tiba, aliandika namba kwenye vipande vya boksi na kuwa mtu wa kusalimiwa vizuri. Kisha likaja daftari la shule, ambalo mgonjwa hulinunua mwenyewe ili daktari aandike ndani yake, na madaftari hayo yakawekwa mezani moja juu ya jingine kwa mfuatano wa kufika. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa asubuhi ulipoanzia: mhudumu asiyejua mfuatano alilichukua rundo kutoka juu, na aliyefika wa mwisho akaitwa wa kwanza, huku aliyelala nje akiwa chini kabisa ya lundo. Manung'uniko yalipanda, rundo likapinduliwa, na mwenye kujuana na muuguzi akapita pembeni wakati wote wakitazama meza.

Kurudi kwa malipo ya matibabu mwaka 1993, yaliyoanza katika hospitali kubwa na kushuka polepole hadi chini, kuliongeza madirisha. Kabla ya hapo mgonjwa alikuwa na foleni tatu au nne. Sasa alianza dirisha la kadi, akaenda kwa daktari, akatoka na karatasi ya vipimo, akapanga foleni ya kulipia vipimo, kisha ya maabara, akangoja majibu, akarudi kwa daktari na kukuta wapya wamejaa mbele yake, akaandikiwa dawa, akalipia, akapanga foleni tena dirishani ili azichukue. Kila dirisha lilisimamiwa na mtu aliyeamini, kwa ukweli kabisa, kwamba yeye hamcheleweshi mtu zaidi ya dakika kumi. Bima ya afya ya taifa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, iliondoa noti mfukoni na kuleta uhakiki wa kadi, ambao nao ulihitaji dirisha. Hospitali za binafsi za biashara, zilizopigwa marufuku mwaka 1977 na kuruhusiwa tena mwaka 1991, zilijifunza haraka kwamba bidhaa yao ya kwanza ni muda, na kwamba wateja wengi huwalipa ili wasikae. Hospitali kubwa za umma zikafuata kwa kufungua kliniki za malipo ya juu na huduma za haraka ndani ya majengo yaleyale, mara nyingine kwa daktari yuleyule, na kwa njia hiyo milango miwili ya mwaka 1897 ikarudi kwa kipimo cha pochi.

Si kila kipaumbele kilinunuliwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na utekelezaji wake uliofuata vilileta madirisha ya wazee na mabango ya kuwaomba wengine wampishe mzee apate huduma kwanza, na upangaji wa wagonjwa kwa uzito wa hali, ambao humtanguliza anayeweza kufa kabla ya anayeweza kusubiri, umeingia katika idara za dharura. Hatua hizo zimekubaliwa na watu bila mabishano makubwa, jambo linaloonyesha kwamba kinachowaudhi wanaongoja si kutanguliwa, bali ni kutanguliwa bila sababu inayoweza kutajwa kwa sauti.

Mahali ambapo saa ya mgonjwa ilikuja kuandikwa kwa bidii kuliko pengine popote ni katika magonjwa ya dawa ndefu. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na kazi aliyoifanya humo daktari Karel Styblo ikawa kielelezo cha dunia nzima. Nguvu yake ilikuwa katika rejista: kila mgonjwa na tarehe yake, kila dozi na alama yake, na mwisho wa robo mwaka hesabu ya waliopona, waliofariki na watoro. Mtoro, katika lugha hiyo ya kliniki, ni mgonjwa aliyeacha kuja kuchukua dawa, na lilikuwa neno zito kwa mtu ambaye pengine alishindwa nauli au alikuwa akipoteza kibarua kila asubuhi. Kliniki za matunzo na tiba kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, zilizoanza kutoa dawa kitaifa mwaka 2004, ziliurithi utaratibu huo na kuuongezea wahudumu wa kuwafuata majumbani waliokosa tarehe. Kama chombo cha tiba, rejista hizo hazina mfano, na nchi ingepata maafa bila ya hizo. Kama kumbukumbu ya kihistoria zina upande mmoja. Zinaeleza kwa usahihi ni nani aliyechelewa siku tatu kurudi kliniki mwaka fulani, wala hazielezi siku aliyorudi alikaa saa ngapi. Daftari la mahudhurio la watumishi lipo, na siku hizi vidole husomwa na mashine, lakini hilo ni suala la mwajiri na mwajiriwa. Mgonjwa hajawahi kuwa msomaji wake.

Ni kliniki hizohizo, hata hivyo, zilizopata suluhisho ambalo karne nzima ya benchi haikulifikiria. Idadi ya wenye dawa ilipokua mwaka hadi mwaka na vyumba vikabaki vilevile, ilidhihirika kwamba mtu mwenye afya njema, anayemeza vidonge vyake bila tatizo, hana la kumweleza daktari kila mwezi. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono mtazamo huo katika miongozo yake ya mwaka 2016, na Tanzania ikaanza kuwapa waliotulia dawa za miezi mitatu, baadaye hata sita, huku waliozidiwa wakibaki na ziara za karibu karibu. Hesabu ya Erlang ilitimia upande wa pili: kupunguza ziara zisizo na haja kulifungua nafasi kubwa kuliko idadi yake, na mabenchi ya asubuhi katika kliniki nyingi yakapungua watu bila kuajiriwa daktari mpya. Mpango huo umeanza kuzungumzwa kwa wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari, ambao kwa sasa wengi wao bado hufuata dawa kila mwezi, wanafika bila kula kwa ajili ya kipimo cha sukari, na huitwa wote kwa siku moja ya wiki, saa moja na nusu asubuhi.